Chuo Kilichohesabu Miguu

Mimi ni mtu wa hasira, na naona heri hilo lijulikane mapema, kwa sababu katika kisa hiki nimekasirika karibu kila mahali isipokuwa mwisho.

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mkutubi katika chuo kimoja cha wanawake mjini Riyadh, chuo cha watu binafsi, si kikubwa. Maktaba yetu ilikuwa chini ya ardhi, ngazi ishirini na mbili kuteremka. Ilikuwa na meza kumi, kiyoyozi kilichoshinda vyote vya chuo kile, na doa la maji darini juu ya rafu ya vitabu vya tiba. Vitabu hivyo nilivifunika kwa nailoni. Mwanafunzi akitaka kusoma habari za figo, tulianza kwa kukunja nailoni pamoja, yeye upande wake na mimi wangu, kama watu wanaokunja shuka, ndipo akasoma.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama, katika fleti ya mtaa wa Malaz ambayo baba aliipanga kabla sijazaliwa. Mama aliondoka Unguja mwaka sitini na nne akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, na tangu hapo hajaishi penginepo ila hapa. Lakini makaratasi hayakuulizi umekaa muda gani. Baba alipofariki, jina la mama liliandikwa chini ya langu katika ikama, kile kibali cha ukaazi ambacho bila yake mgeni hana mahali hapa. Na juu, kwenye nafasi ya kazi, ikama yangu ilisema: mkutubi. Neno hilo moja ndilo lililokuwa likimweka mama Malaz. Mwenye kazi ya kisomo huweza kuruhusiwa kukaa na mzazi wake. Mfagiaji au mpika chai haruhusiwi. Kila mwaka ikama iliporudi, nililitafuta neno lile kwanza, kisha ndipo nikatazama tarehe.

Basi ikaja sadaka.

Aliyeitoa alikuwa mjane mmoja wa Jeddah. Marehemu mumewe alikuwa mfanyabiashara wa matairi, mwenye maghala yaliyojaa mpaka dari kule Al-Sulay. Mjane alitaka mumewe apate thawabu zisizokatika, kwa hivyo akakipa chuo chetu fungu kubwa la fedha na sharti moja tu: kijengwe kitu ambacho watu watakitumia. Kitu gani, hakusema. Hapo ndipo wasomi walipoachiwa nafasi ya kufikiri, na mimi tangu siku ile siwaachii tena nikiweza.

Kamati ilikuwa ya watu wanne. Mkuu wa chuo, mama mpole aliyependa kila mtu aondoke kikaoni ameridhika. Mkurugenzi wa michezo, msichana wa Kisaudi mwenye shahada ya udaktari katika mambo ya nyonga, aliyevaa viatu vya mbio chini ya abaya hata harusini. Mkurugenzi wa fedha, ambaye alikuwa sauti. Zamani wanaume hawakuingia katika vikao vyetu, kwa hivyo aliwekwa kwenye simu katikati ya meza. Siku hizi ruhusa ipo, ofisi yake iko mlango wa tatu, lakini alikuwa ameshazoea kuwa sauti. Na wa nne mimi, kwa sababu moja ya njia mbili ilikuwa maktaba. Ama fedha zikarabati maktaba, ama zijenge uwanja wa riadha. Na maktaba isipokarabatiwa, alisema mkuu wa chuo kwa upole wake, itafungwa, maana wakaguzi wameshaliona lile doa.

Mkurugenzi wa michezo alisimama kwanza.

"Uwanja wa riadha wa kisasa hutandikwa mpira," alisema. Tulizungumza Kiarabu, nami natafsiri. "Marehemu alikuwa mtu wa mpira. Kila hatua itakayokanyagwa itakuwa inakanyaga kazi ya maisha yake."

Mkuu wa chuo alitoa kitambaa akajifuta macho. Niliona maktaba yangu inazama kwa ajili ya tairi, na hasira zikanipanda.

"Na vitabu vinatokana na miti," nikasema. "Peponi kuna miti. Sijasikia kuwa kuna matairi."

Hakuna aliyecheka. Katibu aliandika katika kumbukumbu za kikao: *Mkutubi anapendekeza miti.*

Ndipo sauti mezani ikauliza kipi kati ya viwili hivyo kitapendeza katika picha za ripoti ya mwaka. Mkurugenzi wa michezo alisema mtu anayekimbia hupigika picha vizuri. Mtu anayesoma, alisema, na kwa haki kabisa, anaonekana amesinzia. Mkuu wa chuo hakutaka mtu aondoke amenuna, akaamua aulizwe mwenyewe mwenye sadaka. Tukapelekwa Jeddah, mimi na mkurugenzi wa michezo, ndege moja, viti vya kufuatana. Njia nzima alinieleza kwa nini nakaa vibaya.

Mjane alikuwa kizee mwembamba mwenye nyumba ya vyumba vingi na chumba kimoja anachokitumia. Alitukaribisha kahawa na tende, akatusikiliza sote wawili mpaka mwisho, halafu akasema jambo ambalo hata leo siwezi kumlaumu nalo.

"Mume wangu alipenda duka lake lijae watu. Hata wasiponunua. Hesabuni watu mwezi mzima. Penye wengi, hapo pajengwe."

Nilitoka pale nikihesabu kwa vidole. Maktaba yangu, siku ya neema, iliingia watu tisa, na watatu kati yao walikuja kulala kwa ajili ya kiyoyozi.

Mama yangu mdogo anakaa Ghulail, kule kusini mwa Jeddah, anapika vitumbua na sambusa za kuuza na anajuana na kila mtu mwenye asili ya pwani kutoka huko mpaka Dammam. Nilipita kwake kabla ya ndege ya kurudi, nikamweleza huku nikizuia machozi. Aliendelea kumwaga unga wa vitumbua kwenye kikaango wala hakuinua kichwa.

"Wanataka watu?" akauliza. "Kwani sisi si watu?"

"Mama mdogo, ni maktaba ya chuo."

"Kuna sharti mtu awe mwanafunzi?"

Hapakuwa na sharti. Kanuni za chuo, ambazo niliziandika mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilipokuwa bado na matumaini na binadamu, zilisema kuwa asubuhi maktaba iko wazi kwa wanawake wote wa mji. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeitumia kanuni ile.

"Halas," alisema mama mdogo, akazima jiko.

Alifika Malaz siku tatu baadaye na mabegi manne, akakaa kwetu mwezi mzima. Simu yake haikupoa. Wiki ile ile walianza kushuka zile ngazi ishirini na mbili wanawake ambao nilikuwa nikiwaona harusini na misibani tu: wajane, mabibi, mashangazi wa watu, waliozaliwa Unguja na Pemba na waliozaliwa papa hapa. Mlangoni waliona kuna zulia, basi wakavua viatu. Mtu wa kwetu hakanyagi zulia la watu na viatu, hata uandike kibao. Ikawa lundo la kandambili na viatu vya kisigino mpaka kwenye ngazi ya nne. Na kwa kuwa mtu wa kwetu haendi mahali mikono mitupu, walikuja na chupa za kahawa ya tangawizi, visheti, kashata, na sufuria ya mandazi iliyofungwa kwa leso.

Kuhesabu kulifanywa na walinzi wawili wa kike kutoka Kenya, kila mmoja na kidude cha kubofya mkononi. Mmoja alikaa mlangoni kwangu. Wa pili alikaa juu, kwenye maegesho ya magari, kwa sababu uwanja wa riadha ulikuwa haujajengwa, na huwezi kuhesabu watu wa uwanja usiokuwepo. Hilo halikumshinda mkurugenzi wa michezo. Aliiambia kampuni ya kutandika mpira ilete sampuli, nayo ikatandika ukanda mwekundu wa hatua thelathini chini ya kivuli cha maegesho. Hatua thelathini, kisha ukuta. Hicho ndicho kilichokuwa kinashindana na vitabu vyangu elfu ishirini.

Nililala usingizi mzuri wiki ile. Kwangu walikuwa wanaingia watu arobaini, hamsini. Ni kweli kwamba hawakuwa wanasoma. Walizungumza, wakatafutiana wachumba wa watoto wao, wakaagizana dawa. Bibi mmoja alifungua nailoni, akachukua kitabu cha tiba chenye picha, na mpaka adhuhuri akawa ana maradhi yote mpaka ukurasa wa mia mbili. Lakini walikuwa vichwa, nami nilikuwa navihesabu.

Mtu mmoja tu alikataa kuja, naye ni mama yangu.

"Mie nikija nitakuja kusoma," aliniambia. "Kwenda kukaa tu nihesabiwe, huo ni uongo. Siwezi kusema uongo kwa miguu."

"Mama, tunafanya haya kwa ajili yako. Maktaba ikifungwa wewe utakaa na nani hapa? Kwa ikama ipi?"

"Najua," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Wiki ya pili wageni wangu wakaanza kuchelewa kushuka. Nilipanda juu kutazama. Walikuwa kwenye ule ukanda mwekundu, wote, abaya zimekunjwa kidogo juu ya vifundo vya miguu, wanatembea hatua thelathini kwenda na hatua thelathini kurudi. Mama mdogo alikuwa mbele.

"Mama mdogo!" nilisema. "Mnafanya nini huku?"

"Usinipigie kelele. Nina sukari. Daktari kasema nitembee, na nje jua, sokoni sakafu ngumu." Aligeuka ukutani bila kusimama. "Ebu kanyaga hapa uone. Magoti hayaumi kabisa. Laini, kama mkate wa kumimina."

Wote walikuwa na sukari. Wote walikuwa na magoti. Nilikuwa nimekusanya jeshi la kutetea maktaba bila kumuuliza askari hata mmoja habari za afya yake. Na penye ukanda alikaa yule mlinzi wa pili, kidude mkononi, anabofya: tik, tik, tik. Nikasogea.

"Dada, huyu bibi umembofya mara ngapi?"

"Kila akirudi, madam."

"Lakini ni mtu mmoja."

"Niliambiwa nicount kila mtu akiingia. Akifika kwa ukuta anatoka nje ya ile red. Akigeuka, si ameingia tena?" Alinionyesha maandishi ya kazi yake, na kweli ndivyo yalivyosema: kila anayeingia. "Mimi hawakuniambia nicount vichwa. Mimi nacount miguu."

Mama mdogo peke yake, asubuhi ile, alikuwa watu mia na sita.

Nilikwenda kulalamika. Mkuu wa chuo alisikitika kwa dhati. Sauti ya mkurugenzi wa fedha ilisema kanuni ni moja kwa pande zote mbili, na kama wasomaji wangu wanataka kuingia mara mia na sita, mlango uko wazi. Msomaji mzuri huingia mara moja, nikasema, kisha anakaa saa tano, huo ndio uzuri wake. Sauti ikasema kukaa hakumo katika fomu.

Hapo nikapotea njia. Nasema wazi kwa sababu nilikuwa na akili timamu na nilichagua mwenyewe. Niliteremka, nikawakusanya wanawake wote, nikawaambia: kuanzia sasa ingieni, zungukeni meza yangu, tokeni, ingieni tena. Mama mdogo aliwapanga mstari. Magoti yao hayakutaka ngazi, kwa hivyo walizunguka pale pale mlangoni, ndani na nje, peku juu ya zulia, mmoja nyuma ya mwenzake, visheti mkononi. Mlinzi wangu alibofya mpaka akabadilisha kidole. Nikawa nawahimiza kwa makofi: yalla, yalla, usisimame, mpishe mwenzako!

Asubuhi moja alikuja mwanafunzi wa tiba, msichana mkimya ambaye nilikuwa nimekunja naye nailoni mara nyingi. Alisimama nje ya ule mstari akitafuta upenyo. Alijaribu mara mbili. Mama mmoja alimshika mkono kwa huruma, akamwingiza kwenye mstari, akampa andazi, naye akazunguka meza yangu mara tatu pamoja nao kwa adabu, akatoka, akaenda zake. Hakurudi tena mwezi ule. Nilimwona, na sikumwita, kwa sababu alikuwa amehesabiwa mara tatu.

Siku hiyo hiyo mkurugenzi wa michezo alishuka kutazama. Alisimama chini ya doa la maji, mikono kiunoni, akautazama mstari unavyozunguka, na uso wake ukang'aa kwa furaha ya kweli.

"Mashallah," alisema. "Unaona? Hata wewe umejenga uwanja wa riadha."

Mimi, ambaye nina jibu la kila kitu, nikapiga makofi mstari uendelee.

Siku ya mwisho ya hesabu mjane alikuja kutoka Jeddah kujionea. Mama mdogo alimlazimisha mama aje pia, akimwambia kwamba siku hiyo hakuna kuhesabiwa, ni kupokea mgeni tu. Mama alivaa abaya yake nzuri, akashuka ngazi kwa kupumzika mara mbili, akachagua kitabu cha hadithi za mitume, akakaa mezani kusoma. Alikuwa msomaji pekee katika maktaba nzima. Kisha wote tukapanda juu, na wakati sisi tumesimama tukitazama, mama, bila kuambiwa na mtu, alitembea ule ukanda mwekundu mpaka ukutani na kurudi.

Mjane alikuwa amechoka na maelezo. Mkuu wa chuo alikuwa amempa karatasi mbili za hesabu, na hesabu zote mbili zilionyesha watu wengi kuliko wakazi wa mtaa. Alizikunja, akatazama huku na huku, akamwona mtu wa rika lake.

"Wewe dada," alimwambia mama, "umekaa chini na umetembea juu. Mimi namtafutia mume wangu thawabu. Niambie kweli. Kipi kimekufaa?"

Nilimtazama mama kwa macho yangu yote. Alijua. Nilikuwa nimemweleza mara ngapi? Alijua neno lililoandikwa kwenye ikama, alijua jina lake liko chini ya lipi.

"Kule chini pazuri," alisema mama kwa Kiarabu chake cha pole pole. "Lakini kitabu ninacho nyumbani. Hapa nimetembea, na magoti hayakuniuma. Ni mara ya kwanza mwaka huu."

"Allah akulipe," alisema mjane, na mambo yakaishia hapo. Mwezi wa kubofya ukatupwa, sadaka ikaamuliwa na magoti ya mama yangu.

Tulipofunga mlango wa fleti nikalipuka. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimuuliza kama anajua alichokifanya, kama anafikiri huko Unguja kuna mtu anamngoja na chumba. Mama mdogo alijifungia jikoni.

"Nimeulizwa na mtu anayemtakia maiti wake kheri," alisema mama. "Ningemwongopea vipi? Ulitaka nisemeje?"

"Ulitaka mimi nifanyeje?" nikapiga kelele. Aliingia chumbani kwake, nikasikia mlango wa kabati.

Baada ya wiki chuo kiliniita. Maktaba inafungwa, vitabu vitapelekwa ghalani mpaka ipatikane sadaka nyingine. Mimi nimetumikia vizuri, hawataki kunitupa. Kuna nafasi ya kupika chai katika ofisi ya mkuu wa chuo, na chuo kitaendelea kuwa kafili wangu, mdhamini wa ikama yangu. Maana yake niliielewa kabla hawajamaliza. Mimi ningebaki, na jina lililo chini ya langu lingefutwa. Nikaomba siku mbili nifikiri.

Nitasema sasa jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Sikuhitaji siku mbili. Usiku ule ule niliamua kukubali. Nilizaliwa mji huu, nina miaka hamsini na tatu, Unguja nimekwenda mara mbili nikaugua zote mbili. Nilijiambia kuwa mama ana binamu yake Ng'ambo, kule Unguja, kwamba nitampelekea matumizi, kwamba nitamtembelea kila likizo. Niliyapanga yote vizuri sana, kama nilivyozoea kupanga rafu.

Aliyenizuia ni mtu niliyekuwa namwona adui. Siku ya pili, kabla sijaenda kutia sahihi, mkurugenzi wa michezo alinikamata kwenye korido.

"Wale wanawake wako wanakuja kila asubuhi," alisema. "Wanataka saa zao. Wanavua viatu penye ukanda! Mafi faida, hakuna faida, siwawezi, hawanisikii. Wewe wanakusikia. Nina nafasi ya msimamizi wa mazoezi. Ni kazi ya kisomo, ngazi ile ile ya mkutubi."

"Mimi sijui mazoezi," nikasema.

"Najua. Unavyokaa tu naona. Lakini fomu haiulizi ujuzi. Fomu inaomba shahada yoyote, na kukimbia mzunguko mmoja wa uwanja kwa dakika tatu bila kusimama."

Uwanja ulichukua miezi minne kukamilika, na ikama yangu ilikuwa imebakiza miezi mitano. Pembeni mwa uwanja walipanda miche, na kibao kidogo kikasema ni kwa pendekezo la mkutubi. Kila alfajiri kabla ya kazi nilifanya mazoezi kwenye maegesho na yule mlinzi wa ukanda mwekundu, kwa sababu chuo kizima kiliamini kuwa Mkenya yeyote ni mwanariadha. Mwenyewe alikuwa amechoka kukana.

"Madam, mimi ni wa Nyeri," alisema. "Sisi tunachuma chai tu. Wenye kukimbia ni watu wa Eldoret. Lakini twende pole pole, usianguke."

Tukakimbia hivyo, mtu wa chai na mtu wa vitabu, tukihema.

Siku ya mtihani walikuja wote, hata mama mdogo kutoka Jeddah. Walikaa kwenye ngazi mpya za uwanja na chupa zao za kahawa. Mama alikaa chini kabisa, fimbo mapajani. Mkurugenzi wa michezo alishika saa. Nilivaa viatu vilivyonunuliwa na mchango wa wanawake waliokuwa wamenizungukia meza, abaya ya michezo, na ushungi uliobanwa kwa pini sita.

Nusu ya kwanza nilikimbia kwa hasira, na hasira zikanifikisha. Nusu ya pili hasira zilikwisha nikabaki na mwili. Kifua kilikuwa kinawaka, mguu wa kushoto haukujua tena wa kulia ulipo. Mama mdogo alikuwa anapiga vigelegele, wengine wanasoma dua kwa sauti, mmoja anaita "yalla, yalla, usisimame" kwa sauti yangu mwenyewe. Nilipokata kona ya mwisho nilimwona mama. Hakuwa anashangilia wala kuomba. Alikuwa anatazama tu, kama mtu aliyekwisha kupokea lolote litakalokuja.

Dakika mbili na sekunde hamsini na tatu. Nilianguka kwenye mpira wa marehemu nikatapika kashata.

Ikama mpya ilikuja kabla mwezi haujaisha. Jina la mama lilikuwa chini ya langu. Niliingia chumbani kwake kumwonyesha. Aliivaa miwani, akaisoma yote, akaitikia kwa kichwa.

"Alhamdulillahi. Basi nitolee sanduku, chini ya kitanda."

Nilipiga magoti nikalivuta. Lilikuwa zito. Nilifungua: magauni yake matatu, leso zake mbili, dawa za presha, msahafu, na sanda aliyoifua kwa maji ya zamzam mwaka wa hija yake. Vyote vimekunjwa kwa makini upande mmoja. Nusu ya pili ilikuwa tupu.

"Umelifunga lini hili?" nikauliza.

"Siku ile aliponiuliza yule mama. Tuliporudi, ulipokwisha kunifokea."

"Mbona hukulijaza?"

Alinitazama kwa kushangaa, kama nimeuliza jambo ambalo kila mtu analijua.

"Hiyo nusu yako," alisema. "Ningekwenda bila wewe?"

Nilikaa sakafuni na lile sanduku wazi mbele yangu. Kisha nikaanza kutoa nguo zake moja moja nikizirudisha kabatini, nikamgeuzia mgongo muda wote, asinione uso.